Mkono wa roboti unashikaje yai bila kulivunja?

Ukishika yai huna haja ya kufikiri. Ngozi ya vidole inauambia ubongo ukaze kiasi gani. Mkono wa roboti hauna ngozi hiyo, na hapo ndipo mayai yanapovunjika.

Vidole vyake vinaendeshwa na mota za servo. Servo ya kawaida inajua jambo moja tu: kufika kwenye nyuzi ilizoagizwa, tuseme 90. Ikikuta yai kwenye nyuzi 60, haisimami. Inasukuma kwa nguvu zote mpaka yai lipasuke. Ikikuta kitu kigumu kama chupa, inavuta umeme mwingi, inapata moto na inaweza kuungua.

Dawa yake ni kihisi cha nguvu kwenye ncha ya kidole. Aina rahisi ni kipande chembamba cha plastiki: ukikibonyeza zaidi, ukinzani wake wa umeme unapungua. Kompyuta ndogo inasoma badiliko hilo mara nyingi kwa sekunde na kulilinganisha na kiwango ilichopangiwa. Nguvu ikipungua, kidole kinakaza. Ikizidi, kinalegea. Ikitosha, kinatulia hapo hapo.

Kwa aliyepoteza mkono, huu si mchezo wa maabara. Mkono wa bandia wa SensorHand Speed, wa kampuni ya Ottobock ya Ujerumani, una vihisi vinavyogundua kitu kikianza kuteleza, kisha unakaza wenyewe, ili glasi ya maji isidondoke.