Umempokea mnyama aliyetelekezwa? Fahamu siku inavyokwenda katika zizi la uokoaji

Karibu kila kiangazi tunaulizwa swali moja, na wanaouliza ni wakimbizi na wenyeji pia: "Kuna mbuzi ameingia kwangu, hana mwenyewe, mbavu zote zinahesabika. Nifanye nini?" Safari nyingine ni ng'ombe aliyevunjika pembe, au punda aliyeachwa barabarani kwa sababu mgongo umeoza kwa mizigo. Wanaouliza wengi wana huruma. Lakini tumeona huruma peke yake ikiua mnyama, na tumeona ikigombanisha majirani.

Duniani kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kupokea wanyama wa namna hii. Huko Ulaya na Marekani wengi wanaookolewa ni farasi: waliozeeka, waliomaliza mbio, au ambao mwenyewe ameshindwa kuwalisha. Kwetu farasi ni wachache, ila utaratibu wa kazi ni uleule kwa punda, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Makala hii inakueleza utaratibu huo, ili uutumie hata kama zizi lako ni miti minne na turubai.

Mnyama huyo ni wa mtu

Anza hapa, kabla ya maji na majani. Katika makazi ya wakimbizi, mbuzi anayezurura ameshakula mahindi ya mtu, na mwenyewe anatafutwa. Ukimfunga kwako kimya kimya, kesho utaitwa mwizi, hata kama ulimwokoa.

Kwa hapa Uganda, mjulishe mwenyekiti wa LC1 wa kijiji na mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi (RWC) wa eneo lako siku hiyohiyo. Nenda na shahidi. Mpige mnyama picha kwa simu kama alivyokuja, pamoja na vidonda vyake. Andika tarehe, saa, mahali ulipomkuta, rangi, na alama za masikio. Kisha fanya jambo ambalo wenye mazizi ya uokoaji hulifanya popote: unapotangaza, ficha alama moja. Anayesema mnyama ni wake akuambie mwenyewe sikio gani limekatwa.

Usimhasi, usimtie alama yako, usimuuze. Ikiwa unaamini alikuwa anateswa, peleka malalamiko polisi na kwa afisa mifugo. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu miaka ya 1950, na inamlinda hata punda wa mizigo. Usiende kumkabili mwenye mnyama peke yako.

Pia usimhamishe mbali. Kusafirisha mifugo kunahitaji kibali cha afisa mifugo, na wakati wa karantini hairuhusiwi kabisa. Mwaka 2024 wilaya nyingi za Uganda ziliwekwa karantini kwa sababu ya ugonjwa wa midomo na miguu. Mbuzi mmoja aliyepakiwa kwenye bodaboda "kwenda kutibiwa" anaweza kufunga soko la wilaya nzima.

Mfunge peke yake

Mnyama mgeni hachanganywi na wako. Mazizi ya uokoaji humtenga kwa wiki tatu hadi nne, kwa sababu sotoka ya mbuzi na kondoo, upele na minyoo vinaweza kuwa mwilini kabla hujaona dalili. Umbali wa hatua kadhaa unatosha kuanzia, ilimradi pua zisigusane na maji yasiwe ya ndoo moja. Wahudumie wako kwanza, mgeni awe wa mwisho, kisha unawe mikono na viatu. Ukianza na mgeni ukamalizia na wako, hujamtenga.

Chakula ndicho kinachoua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Miaka kadhaa iliyopita niliachiwa mbuzi jike aliyekonda hadi mifupa ya nyonga ikachoma ngozi. Nilimwonea huruma nikampa sahani ya unga wa mahindi, akaimaliza, nikamwongeza. Jioni tumbo lilijaa kama ngoma. Asubuhi hakusimama, na siku ya pili akafa. Alifika kwangu akiwa hai baada ya wiki za njaa, akafa kwa shibe niliyompa mimi.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza. Tumbo la mbuzi, kondoo na ng'ombe lina vijidudu vinavyosaga majani. Ukileta nafaka nyingi ghafla, vijidudu vingine huigeuza haraka kuwa asidi, na asidi hiyo huingia kwenye damu. Kwa punda na farasi aliyekaa na njaa muda mrefu kuna hatari nyingine. Wanga na sukari vikiingia kwa wingi, mwili hutoa insulini, na madini yaliyobaki kwenye damu, kama fosforasi, potasiamu na magnesiamu, huvutwa kuingia ndani ya seli. Moyo na misuli hubaki bila madini hayo. Mnyama anaonekana amepata nafuu, halafu siku ya tatu au ya tano anaanguka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walilichunguza jambo hili kwa farasi walionyimwa chakula. Kilichofaa zaidi ni majani makavu ya lusani, mmea wa jamii ya kunde ulio na sukari na wanga kidogo na madini mengi, kwa kiasi kidogo kila baada ya saa nne, na kuongeza polepole kwa muda wa siku kumi hivi. (Usichanganye lusani na lusina, ule mti wa malisho wenye majani madogo. Punda au farasi akiula kwa wingi, nywele za shingoni na mkiani hunyonyoka.)

Kwako lusani huenda haipo. Kwa mbuzi au ng'ombe, anza na nyasi kavu safi na majani ya kawaida aliyoyazoea, konzi moja moja, mara sita kwa siku. Matembele na maganda ya ndizi yasubiri wiki ya pili, tena kidogo. Pumba, unga na mabaki ya ugali weka mbali kabisa. Maji yawepo muda wote, lakini aliyekauka sana mpe lita chache, pumzisha, mpe tena. Majirani watakusema kwamba unambania mnyama. Waache waseme.

Siku inavyoanza

Mwenye zizi la uokoaji haanzi asubuhi kwa kulisha. Anaanza kwa kusimama na kutazama. Nani amelala wakati wenzake wamesimama? Nani amejitenga? Kinyesi cha usiku kikoje? Mbuzi anatoa vidonge vikavu, akitoa uji ni taarifa. Punda anastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu huficha maumivu. Anaweza kuwa na tumbo linalomuua na asifanye lolote zaidi ya kuinamisha kichwa. Punda aliyeacha kula kwa siku moja ni dharura, kwa kuwa mwili wake huanza kumwaga mafuta kwenye damu na ini hushindwa. Usingoje siku ya soko ndipo umwite daktari.

Ukiwa na kipimajoto, kipake mafuta na upime njia ya haja kubwa. Mbuzi mzima huwa na nyuzi 38.5 hadi 39.5. Punda ni wa chini zaidi, karibu 37, kwa hiyo joto ambalo kwa mbuzi ni la kawaida, kwa punda ni homa. Kipimajoto hicho kisirudi kwa watoto.

Baada ya hapo ni maji na samadi, na hapo ndipo siku inapoishia kwa kweli. Piga hesabu kabla hujasema ndiyo kwa mnyama mwingine. Mbuzi mmoja anahitaji lita nne hadi nane kwa siku, punda mmoja anaweza kumaliza jerikani ya lita 20, na ng'ombe jerikani mbili. Mbuzi kumi na punda wawili ni jerikani nne hadi sita kila siku, kwenye foleni ileile ya bomba unayochotea maji ya familia. Samadi ukiizoa kila asubuhi unapunguza nzi na minyoo, na bustani yako inapata mbolea. Hiyo ndiyo faida pekee ninayoweza kukuahidi.

Vidonda na kwato

Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi katika nusu lita, osha kidonda mpaka uchafu utoke. Kamba iliyozama kwenye ngozi ilainishe kwanza kwa maji hayo, usiivute. Oili ya gari, maji ya betri na mavi ya ng'ombe huongeza kidonda, ingawa wapo watakaokuambia baba zao walitumia. Kidonda chenye funza kinahitaji daktari wa mifugo, na dawa ya kuua viini (antibayotiki) ni yeye anayeipanga. Mnyama aliyechomwa sindano, maziwa na nyama yake visitumike mpaka siku alizozitaja daktari ziishe.

Punda na farasi hupata pepopunda kwa urahisi sana. Waliotunga neno hilo bila shaka walimwona punda amekakamaa, masikio wima, miguu kama meza. Msumari kwenye kwato unatosha. Uliza chanjo.

Kwato za mnyama asiyetembea hukua na kupinda. Za punda hupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Jifunze kwa anayejua, kwa sababu ukikata zaidi unafika kwenye nyama na damu.

Mfano wa karibu: Lamu

Ukitaka kuona kazi hii ikifanyika kwa miaka mingi, tazama mji wa Lamu, pwani ya Kenya. Vichochoro vyake havipitishi gari, kwa hiyo mchanga, mawe ya matumbawe, saruji na maji hubebwa na punda. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969 na Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo chake Lamu mwaka 1987. Punda walitibiwa bure na wazee na wagonjwa wakapewa mahali pa kupumzika. Pia yakaanzishwa mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi, na mwenye punda akapata zawadi. Kwa maoni yangu mashindano hayo yamefanya kazi kubwa kuliko mahubiri, kwa sababu kijana anayeishi kwa punda hapendi kuambiwa ni mkatili, lakini anapenda kushinda.

Punda wana tatizo jingine siku hizi. Ngozi zao hununuliwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, na wizi umeongezeka. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, hivyo wakichinjwa kwa wingi hawarudi haraka. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara hiyo kwa miaka 15. Mtu akija usiku kununua punda mgonjwa uliyempokea, tena hajali hali yake, mjulishe mwenyekiti.

Kusema hapana, na mnyama akifa

Kazi ngumu kuliko zote ni kukataa. Zizi lenye nafasi ya watano likipokea kumi na wawili, wote watakonda, na wewe ndiye utakayeshtakiwa kwa kuwatesa. Wapo pia wasioweza kupona: mguu uliovunjika vibaya, mzee asiyetafuna tena. Daktari akishauri apumzishwe bila maumivu, msikilize, usimwache ajifie taratibu kwa sababu huwezi kutazama.

Mnyama akifa ghafla, hasa akitokwa damu puani, mdomoni au nyuma, usimchune, usimpasue, usimle, na usimpe mtu kwa bei ya bure. Inaweza kuwa kimeta. Mwaka 2023 kimeta kilizuka wilaya ya Kyotera na kikaua watu, na wengi walikuwa wamekula au kushika nyama ya ng'ombe waliokufa. Zuia mbwa na watoto, mpigie afisa mifugo, ngoja aelekeze namna ya kuzika. Najua ni vigumu kufukia kilo za nyama wakati mgao wa chakula umepunguzwa.

Na mnyama anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza, au mpole aliyegeuka mkali, usimtie mkono mdomoni kuangalia kama amekwama kitu. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, nacho huwapata ng'ombe, mbuzi na punda pia. Akikuuma au mate yakigusa mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jioni rudia yale ya asubuhi: hesabu, tazama, jaza maji, kagua kamba isiwe ya waya wala ya nailoni nyembamba. Daftari liwe na mstari mmoja kwa kila mnyama, alikula nini na alikunya vipi. Daktari akija baada ya siku nne, atauliza hilo kwanza.