Mgomba Katika Kiangazi cha Dodoma

Mtu atokaye Rungwe au Bukoba, nchi ambazo migomba humea bila ya kubembelezwa, akifika Dodoma mwezi wa Septemba na kuukuta mgomba umesimama nyuma ya nyumba, aghalabu hustaajabu, na mastaajabu yake yana hoja. Kwani uwanda huu wa kati, ulioinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hupata kwa wastani milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha baina ya mwisho wa Novemba na Aprili, ilhali mgomba hutaka kiasi cha milimita 25 kila juma, masika na kiangazi.

Siri ya kudumu kwake imo ardhini. Kile tukionacho kimesimama si shina kwa hakika, bali ni vikonyo vipana vya majani vilivyokumbatiana. Shina lenyewe ni tunguu lililofukiwa udongoni, na humo ndimo yanamozaliwa majani, machipukizi na hata mkungu. Mwenye shaka na aukate mgomba mchanga kwa kisu kikali, kisha aurudie kesho yake: atakuta jani changa limechomoza katikati ya mkato, sentimita kadhaa, likisukumwa kutoka chini. Basi mradi tunguu li hai, mgomba haujafa, ijapokuwa juu yake pamekauka pote.

Watunza bustani wa kusini mwa Uingereza wanaijua kanuni hii barabara. Wao hupanda mgomba uitwao kwa jina la kitaalamu Musa basjoo, wenye asili ya kusini mwa China, ambao ndizi zake hazifai kuliwa bali hupendwa kwa uzuri wa majani yake. Na majira ya baridi yakikaribia hukata majani, hulizungushia shina nyasi kavu, na hulifunika tunguu kwa matandazo mazito, ili jalidi isilifikie mpaka joto lirudi. Adui yao ni jalidi, wetu ni ukame, lakini kinachohifadhiwa ni kile kile.

Dodoma, dhiki huanza kabla ya jua kali la Oktoba. Mwezi wa Juni na Julai, usiku joto hushuka hadi digrii 13 au 14, na chini ya digrii 16 mgomba karibu huacha kutoa majani mapya. Kisha huja upepo mkavu wa kusini-mashariki, ukayachana majani vipande vipande. Adhuhuri utaliona jani likiinamisha pande zake mbili kwenye uti wake, kujikinga na jua ili lisinyonywe maji. Hapo mkulima asihangaikie majani. Na apunguze machipukizi, abakize mama, mtoto na mjukuu tu, kwa kuwa kila jani la ziada ni mdomo unaokunywa.

Kuhusu maji, hesabu yake ni nyepesi: milimita 25 juu ya mita moja ya mraba ni lita 25, basi shina linalotawala mita 4 za mraba lataka lita 100 kwa juma, yaani ndoo 5 za lita 20. Maji ya kuoshea vyombo na mboga yafaa sana. Maji ya kisima yapimwe kwanza kwa ulimi, maana sehemu nyingi za mkoa huu yana chumvi, na mgomba hauistahimili. Kingo za majani zikiungua zikawa za kahawia hali udongo ungali na unyevu, ishuku chumvi. Na kwa kuwa mizizi mingi haizidi kina cha sentimita 40, matandazo ya majani makavu na mabua ni ya faradhi, ila yasiguse shina, kwani mchwa wa huku hawachelewi.

Mbegu ya kuchagua ni bokoboko, yenye nasaba ya mgomba-mwitu wa Asia uitwao Musa balbisiana, ambao huvumilia ukame kuliko jamaa zake. Ipandwe Desemba, katika shimo pana lililojazwa samadi na kuachwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili mvua yote ya masika ikusanyike humo. Na yeyote asiyekuwa na hakika ya ndoo zile 5 katika Septemba na Oktoba, heri apande mzabibu, ambao ardhi ya Dodoma imekwisha kuuzoea.