Kwa Nini Njia za Mbau Zimenyamaza

Ndugu zetu wengi wa ughaibuni wameingia kwenye mchezo wa baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama wa mashindano lakini matairi mapana yenye meno. Hapa Ubelgiji, Jumapili asubuhi, utawakuta kwenye vijia vya Ardennes, au kwenye RAVeL, mtandao wa njia zilizotengenezwa juu ya reli za zamani na kando ya mifereji. Wanatafuta vilima na ukimya. Na swali wanalonirushia ni lile lile: kwetu Beni na Butembo, mashariki mwa Congo, vilima havina idadi, njia za udongo ndizo nyingi kuliko za lami, mbona hakuna anayekwenda kuendesha huko? Jibu lake ni la historia, na mimi naona pa kuanzia ni Mbau.

Mbau iko yapata kilometa 20 kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye Barabara ya Taifa namba 4 inayoendelea hadi Oicha, Eringeti na Komanda. Pale pana njia panda. Ukikata kulia unashika njia ya Kamango: inaingia msituni, inavuka mto Semuliki, inapita sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Virunga na kutokea karibu na mpaka wa Uganda, milima ya Rwenzori ikiwa upande wa kusini. Ukiitazama kwenye ramani ya simu utaitamani. Udongo, kakao, msitu, mto, na gari moja moja tu.

Lakini njia hizi zina waendeshaji wake tangu zamani. Kabla pikipiki za Kihindi na Kichina hazijajaa, mazao ya Beni yalifika sokoni kwa kinga, kama tunavyoita baiskeli kwetu, na mpaka leo mkulima asiye na fedha ya pikipiki hana njia nyingine. Kinga ya mizigo ukiiona kwa karibu utajua kwamba fundi wake ameifikiria sana. Uma wa mbele umeongezewa chuma ili usipinde. Kwenye usukani imefungwa fimbo ndefu upande wa kushoto, na nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti. Mwenye mzigo hushika hii kwa mkono mmoja na ile kwa mwingine, akatembea pembeni huku anasukuma, kwa sababu juu ya kiti hakuna tena nafasi ya mtu. Kamba ni vipande vya mpira wa ndani wa tairi, maana mpira hujivuta na kujirudi, mzigo ukitikisika haulegei. Breki zilishakufa siku nyingi. Kwenye mteremko hukanyaga tairi kwa kandambili au huikaza baiskeli kwa mwili wote. Juu ya kinga kuna magunia ya kakao, bidoni za mawese, mikungu ya ndizi za makemba, mbao. Gia ni moja. Baiskeli ya changarawe ya Ulaya inauzwa maelfu ya euro ili iweze kupita mahali ambapo baiskeli ya Kichina ya Phoenix inapita na magunia mawili. Wanaosema mchezo huu umezaliwa Kansas, Marekani, kwa sababu mashindano makubwa ya huko Emporia yalianza 2006, wanasema kweli kuhusu mashindano. Kuhusu kuendesha kwenyewe, wazee wa Mbau waliwatangulia.

Njia zenyewe zilitengenezwa na nani? Hapa lazima turudi nyuma kidogo, hadi kwenye tairi lenyewe. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la kujazwa hewa, kule Belfast, akiwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Baiskeli ikapata umaarufu Ulaya na Marekani, mpira ukawa mali, na Congo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ikageuzwa shamba la mpira wa porini. Vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta, na visivyoleta vikaadhibiwa kwa viboko, mateka na risasi, mpaka kelele za dunia zikailazimisha Ubelgiji kuichukua nchi mikononi mwa mfalme mwaka 1908. Nalitaja hili kwa sababu wenzangu wanaojaza hewa matairi yao Jumapili wengi hawajawahi kuambiwa.

Utawala wa kikoloni uliofuata ulikuta milima yetu na ukaifungua kwa jembe. Wanavijiji walilazimishwa kulima barabara na kuzitunza, kila kijiji na kipande chake. Mvua ikinyesha, bariyeri inashushwa, malori yanasubiri udongo ukauke, kisha yanaruhusiwa. Utaratibu ule ulikuwa wa mabavu, ila ulizihifadhi barabara. Baada ya uhuru, na hasa miaka ya mwisho ya Mobutu, fedha za matengenezo hazikufika, salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, ikabaki jina, mifereji ikaziba, na maji yakajichimbia njia yake katikati ya barabara. Lori likishindwa, kinga hupita ukingoni. Katika vita vya 1998 hadi 2003, barabara ya kwenda Kisangani ilipokuwa imekufa kabisa, wanaume walisukuma baiskeli zaidi ya kilometa 600 kupeleka chumvi, sabuni na nguo, wakarudi na mawese. Waliitwa kumba-kumba. Butembo, mji wa wafanyabiashara ulioko juu milimani, ulizoea kujitegemea hivyo hivyo: serikali isipoleta barabara, watu hubeba.

Kwa hiyo hadi hapa unaona kwamba miguu ipo, vilima vipo, na ujuzi upo. Kilichozinyamazisha njia za Mbau ni kitu kingine.

Katikati ya miaka ya 1990, waasi wa Uganda waliojiita ADF walijikusanya kwenye miteremko ya Rwenzori, na mwaka 1996 wakashambulia Mpondwe, mpakani. Jeshi la Uganda liliwasukuma, wakahamia upande wetu na kujificha kwenye misitu ya Beni. Kwa miaka mingi waliishi humo, wakifanya biashara ya mbao, wakioa, wakilima. Kisha, Oktoba 2014, yakaanza mauaji ya raia pembezoni mwa mji wa Beni na vijijini, kwa mapanga na shoka, usiku baada ya usiku. Eneo lililo kati ya Mbau, Kamango na Eringeti likaitwa pembetatu ya kifo. Ubavu wake mmoja ndiyo ile njia ya kulia pale njia panda.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua njia hii bila kujua jina lake. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Umoja wa Mataifa pale Semuliki ilishambuliwa jioni na mapigano yakaendelea kwa saa kadhaa. Wanajeshi 15 wa Tanzania waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Walikuwa wanailinda barabara ya Mbau–Kamango. Kwetu hawajasahauliwa.

Na hapa ndipo neno ukimya linapotutenga sisi na waendeshaji wa Ardennes. Wao wakikuta njia haina mtu, wanafurahi. Mkulima wa Mbau akikuta njia haina mtu saa moja asubuhi, anageuza kinga na kurudi nyumbani. Anataka kusikia kengele, wanawake wakiongea wakielekea shambani, watoto wakienda kuchota maji. Kelele ndiyo ulinzi wake. Njia ikinyamaza, ina maana kuna mtu amejua jambo ambalo wewe hujalijua bado.

Baadhi ya wakulima waliuawa wakati wa kuvuna kakao, na shamba likiachwa huvunwa na wenye bunduki. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na bei hiyo ikawavuta watu kurudi msituni kwenye hatari wanayoijua vizuri. Kwenye barabara kubwa magari hupita kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Baiskeli yenye magunia haiwezi kwenda na mwendo wa msafara, kwa hiyo maskini ndiye anayebaki peke yake njiani. Hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilitangazwa Kivu Kaskazini na Ituri Mei 2021, na tangu Novemba mwaka huo majeshi ya Congo na Uganda yanafanya operesheni ya pamoja iitwayo Shujaa. Kuna vijiji ambako watu wamerudi. Kuna vingine vimekimbiwa tena na tena. Naamini barabara nzuri inasaidia, na mpango wa Congo na Uganda wa kujenga barabara za Kasindi–Beni na Beni–Butembo ni wa maana, lakini lami peke yake haimrudishi mtu kwenye shamba alikozika ndugu zake.

Je, njia iliyonyamaza inaweza kufufuka? Inaweza, na mfano uko ng'ambo ya mlima ule ule. Kwa sababu ya ADF, Uganda iliifunga Hifadhi ya Milima ya Rwenzori mwaka 1997. Mwaka 1998 wanafunzi 80 waliuawa katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Hifadhi ilifunguliwa tena 2001, na leo Fort Portal ni mahali wageni wanapoendesha baiskeli kati ya mashamba ya chai na maziwa ya kreta. Mpaka wenyewe bado una jeraha: Juni 2023 wanafunzi waliuawa katika shule ya Lhubiriha, Mpondwe. Hata hivyo upande ule watu walipata miaka mingi ya usalama, na njia zikajaa zenyewe. Hakuna aliyehitaji kuzitangaza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, baiskeli yako ya changarawe usiipeleke Mbau kwa sasa. Kama unataka vilima vyetu, anzia Rwanda, kwenye Congo Nile Trail, kilometa 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambapo utaiona Congo ng'ambo ya ziwa Kivu. Fedha uliyotenga kwa safari ya Beni, mtumie jamaa yako aliyeko huko anunue matairi mawili, mnyororo na mpira wa ndani. Kwa kinga moja familia hupeleka kakao sokoni na mtoto hospitali. Na kabla ya kumshauri mtu yeyote apite Mbau–Kamango, muulize anayeishi pale, wiki hiyo hiyo. Ramani ya simu haijui kitu.