Furaha Itanguliayo Ngoma

Watu wengi hudhani kwamba starehe ya muziki huanza pale mpigaji anapougusa uzi wa kwanza wa chombo chake, na kwamba siku zote zilizotangulia, tangu habari ya tamasha ilipotangazwa hadi jua la siku yenyewe lilipokuchwa, ni wakati mtupu ambao mshabiki hana budi kuuvumilia. Dhana hiyo ni kongwe na ina sura ya ukweli, lakini maarifa ya ubongo yaliyokusanywa katika miongo ya karibuni yameikanusha. Na mimi niandikaye naamini kwamba ushahidi wa kukanushwa kwake waweza kuonekana waziwazi katika milima ya Abagusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, na mtu yeyote mwenye macho na subira.

Katika nchi hiyo ya migomba na majani chai, ambamo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 upande wa Kisii na 605,576 upande wa Nyamira, wanamuziki walio wengi hawana kampuni kubwa iwasimamiayo. Hurekodi kwa fedha zao wenyewe, nyimbo zao husafiri kutoka simu hadi simu, husikika katika redio zitangazazo kwa Ekegusii kama vile Egesa FM, na aghalabu riziki yao hutegemea siku chache za mwaka ambazo hukutana na wasikilizaji wao uso kwa uso. Wamo wa muziki wa benga, waliofuata njia iliyopitwa na Christopher Monyoncho na baadaye na kundi la Bonyakoni Kirwanda Junior. Na wamo walioirudia obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi 8 na sauti nzito yenye mvumo, miongoni mwao mshairi ajulikanaye jukwaani kwa jina la Grandmaster Masese. Msanii wa namna hii haonekani kila juma. Apatikanapo, hupatikana kwa siku moja na mahali pamoja, na uchache huo una kazi yake katika jambo nitakalolieleza.

Mtazame kijana achumaye chai karibu na Kebirigo, au muuza duka wa Keroka, aliyesikia kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari kwamba kundi alipendalo litapiga Kisii mjini Jumamosi ijayo. Usingizi humpungua, chakula humpotea ladha, huuliza bei ya nauli aijuayo tangu zamani, hubishana na wenzake ni wimbo upi utakaofungulia, na kila asikiapo gitaa la mwanzo wa wimbo fulani moyo humwenda mbio na malaika ya mikono yakamsimama. Dalili hizi zinashabihiana mno na dalili za hofu. Wala si ajabu, kwa kuwa mishipa ya fahamu iletayo hofu na iletayo shauku ni ile ile: tezi zilizo juu ya figo humimina adrenalini katika damu, moyo ukaharakisha mapigo yake, na misuli midogo iliyo kwenye mashina ya vinyweleo ikajikaza. Kinachomfanya mmoja atetemeke kwa hofu na mwingine kwa furaha ni tafsiri ambayo ubongo huipa hali hiyo, na huko kwenye ubongo ndiko yatupasa tuelekee.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, James Olds na Peter Milner walipenyeza waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya, wakampa wenzo ambao akiubonyeza hujipitishia umeme kidogo mahali pale. Na panya yule akaubonyeza, akaubonyeza tena, mara zisizo na idadi, kana kwamba hakuna duniani kitu kingine cha kutamaniwa. Miaka michache baadaye Arvid Carlsson wa Sweden alidhihirisha kwamba dopamini, kemikali ambayo wataalamu walikuwa wakiidharau, ni mjumbe kamili wa ubongo mwenye kazi yake mwenyewe, ugunduzi uliomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Wataalamu wakayaunganisha hayo mawili, na kwa muda mrefu dopamini ikasifiwa kuwa kemikali ya raha. Sifa hiyo, kama tutakavyoona, haikuwa na usahihi uliotakikana.

Katika mji ule ule wa Montreal, mwaka 2011, Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao walitangaza matokeo ya jaribio ambalo kila apendaye muziki angefaa kulijua. Walichagua watu 8 ambao miili yao husisimka wasikiapo muziki, wakawaomba waje na nyimbo zao wenyewe, wazipendazo hasa, zisizo na maneno ila sauti za vyombo. Waliwadunga dawa yenye mnururisho hafifu ambayo hugombania nafasi na dopamini katika chembe za ubongo, hata mahali palipojaa dopamini dawa hukosa pa kushika, na upungufu wake huonekana katika picha. Kisha kwa mtambo wa pili wakapima mambo hayo yalitokea wakati gani hasa. Msisimko ulipofika kileleni, dopamini ilimiminika katika sehemu ndogo iliyo kina kirefu katika ubongo, iitwayo akumbensi. Hilo lilitarajiwa. Lakini katika sekunde 15 zilizotangulia kilele, wakati msikilizaji alipokuwa akijua kwamba sehemu aipendayo inakuja lakini haijafika, dopamini ilikuwa imekwisha kumiminika kwingine, katika sehemu iitwayo kaudeti, ambayo ina mafungamano na kujifunza na kutabiri.

Natua hapa kwa makusudi, maana hapa ndipo yalipo maneno yangu yote. Kungoja na kupata si hatua mbili za raha moja, ndogo ikiwa ya kwanza na kubwa ikiwa ya pili. Kila kimoja kina mahali pake katika ubongo na wakati wake, na anayengoja tayari amekwisha kupewa kitu.

Msomaji mwenye kudadisi atanikabili na kusema kwamba sekunde 15 si juma zima. Ni kweli, na daraja la kutuvusha kutoka moja hadi jingine lilijengwa na Wolfram Schultz, ambaye katika miaka ya 1980 na 1990, huko Uswisi, alisikiliza chembe za dopamini katika bongo za kima waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni chembe zilichachamaa maji yalipoingia kinywani. Baada ya kima kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia maji, chembe zilihamisha uchangamfu wao kutoka kwenye maji hadi kwenye ishara. Na maji yenyewe, yalipofika kama yalivyotarajiwa, hayakuzishtua tena. Tukiyaleta hayo Kisii, twaweza kufahamu kwa nini tangazo lililobandikwa ukutani kwenye kituo cha matatu, au sauti ya gari la matangazo inayopanda mlima, humgusa mshabiki kwa nguvu ambayo karatasi na sauti hazikustahili kuwa nayo. Juma la kungoja limejaa ishara za namna hiyo, na kila moja hukiamsha upya kile kilichoamshwa na ya kwanza.

Kisha lipo jambo la mashaka. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Schultz mwenyewe walionyesha kwamba baina ya ishara na tunzo, chembe hizo huweza kupandisha uchangamfu wake pole pole, na kwamba upandaji huo huwa mkubwa kuliko wote pale ambapo uwezekano wa kupata na wa kukosa umelingana sawasawa. Kilicho hakika hakizipandishi, kisichowezekana hakizipandishi, ni kile cha huenda ndicho kinachozipandisha. Sasa ifikirie hali ya mshabiki wa milima hii, ambako mvua ipitayo milimita 1,500 kwa mwaka hupenda kushuka alasiri, ambako umeme waweza kukatika na gari la wapigaji likakwama katika udongo mwekundu, na ambako hakuna ajuaye kama mpigaji atakubali kuupiga ule wimbo wa zamani. Mashaka hayo, ambayo mwenye kuandaa tamasha huyaona kuwa balaa tupu, kwa mngojaji ni sehemu ya moto wenyewe.

Nilisema kwamba sifa ya dopamini ilipungukiwa na usahihi. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kwamba panya aliyeondolewa karibu dopamini yake yote huacha kutafuta chakula, hata akafa njaa asipolishwa, lakini ukimtia sukari kinywani hulamba midomo yake kwa raha kama zamani. Basi dopamini, kwa fikira yake, ni mjumbe wa kutaka na si wa kufurahia. Kwa muda nilihofu kwamba hoja hiyo ingeivunja heshima ya shauku, ikaifanya kuwa uchu tu usio na utamu ndani yake. Muziki, hata hivyo, umeleta ushahidi wa pekee. Mwaka 2019 Laura Ferreri na wenzake, katika jaribio lililofanyika Barcelona kwa watu 27, waliwapa wasikilizaji kwa nyakati mbalimbali dawa ya kuiongeza dopamini, dawa ya kuizuia, na kidonge kisicho na dawa. Ilipoongezwa, raha waliyoipata katika nyimbo iliongezeka, pamoja na fedha walizokuwa radhi kuzitoa kwa ajili ya nyimbo hizo. Ilipozuiwa, vyote viwili vilipungua. Katika muziki, kutaka na kufurahia vimefumwa pamoja kwa namna ambayo katika sukari haikuonekana.

Sababu yake, kwa rai yangu, ni kwamba muziki wote hutengenezwa kwa matarajio. Leonard Meyer alilisema hilo katika kitabu chake cha mwaka 1956, kabla ya mitambo ya kupiga picha za ubongo kuwako, na mwaka 2013 Salimpoor na Zatorre walilitilia ushahidi kwa kuwasikilizisha watu 19 vipande 60 vya nyimbo ambazo hawakuwahi kuzisikia, wakiwaacha wachague ni zipi wangezinunua kwa fedha zao. Thamani ya wimbo ilijulikana kwa jinsi sehemu ya raha ilivyosemezana na sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu za sauti zilizosikiwa maisha yote. Ndiyo maana aliyelelewa Nyamira, ambaye alisikia obokano arusini akiwa mgongoni mwa mamaye na benga sokoni akiwa shuleni, hungojea kitu ambacho mgeni aketiye karibu naye hawezi kukingojea: ana hazina ya sauti ambayo kutokana nayo huutabiri kila mpindo wa uzi, na hufurahi ukitokea kama alivyodhani, na hufurahi zaidi ukimpiga chenga.

Kipo pia kitu ambacho hungojewa na mwili peke yake. Simu ambayo kijana wetu husikilizia nyimbo juma zima haina uwezo wa kutoa sauti nzito. Hutoa mifupa ya wimbo na kuiacha nyama. Katika tamasha moja la muziki wa mitambo lililofanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, na ambalo habari zake Daniel Cameron na wenzake walizichapisha mwaka 2022, vipaza sauti maalumu vya mitetemo ya chini sana, baina ya 8 na 37 kwa sekunde, viliwashwa na kuzimwa kwa zamu bila ya wachezaji kujua. Vilipowashwa, watu walicheza kwa nguvu zaidi kwa asilimia 11.8, ilhali hawakuweza kutambua kama vimewashwa. Sauti ya obokano haishuki hadi huko chini kabisa, wala sidai hivyo. Lakini mvumo wake, na ngurumo ya gitaa la besi katika benga, ni katika jamii ya sauti ambazo kifua huzipokea pamoja na sikio, na aliyewahi kuzipokea hukumbuka mahali zilipompiga.

Hata nje ya muziki kungoja kuna thamani. Mchumi George Loewenstein, mwaka 1987, aliwauliza wanafunzi wangelipa kiasi gani ili wapate busu la nyota wa sinema wampendaye, leo hii au baada ya muda. Thamani kubwa kuliko zote waliipa busu litakalokuja baada ya siku 3. Walikuwa tayari kuzinunua siku za kungojea. Kwa ajili hiyo nawasihi waandaao matamasha ya Kisii na Nyamira wasiyatangaze usiku wa kuamkia siku yenyewe kwa kuogopa gharama ya matangazo. Watangaze mapema, wafiche orodha ya nyimbo, na waheshimu jambo moja zaidi ambalo kima wa Schultz walilifundisha. Maji yalipokosa kuja katika nukta yaliyozoewa kuja, chembe za dopamini zilizimika papo hapo, katika nukta ile ile, chini ya hali yake ya kawaida. Ubongo hutunza saa. Mshabiki aliyeambiwa saa mbili usiku, aliyetembea kutoka Manga akiwa na nauli ya kurudia tu mfukoni, na ikafika saa sita jukwaa likiwa bado tupu, amepokonywa kitu alichokwisha kumiliki, na wimbo mzuri utakaofuata itabidi kwanza ulipe deni hilo.