Je, Wajua? Kiumbe wa Vilindini Aliyepewa Jina la Plastiki

Spishi mpya za baharini hutangazwa kila mwaka, na nyingi ni vijidude vya jamii ya kamba na kaa ambavyo hakuna mvuvi aliyewahi kuvitia machoni. Mwezi Machi 2020, wanasayansi wakiongozwa na Johanna Weston na Alan Jamieson wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walimtangaza mmoja wao katika jarida la Zootaxa. Walimwita *Eurythenes plasticus*. Jina hilo lilichaguliwa makusudi ili kuwazindua watu kuhusu taka za plastiki.

Je, wajua anaishi wapi?
Makazi yake ni Mfereji wa Mariana, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, kwenye kina cha mita 6,010 hadi 6,949. Ungeusimamisha Mlima Kilimanjaro mahali hapo, wenye urefu wa mita 5,895, kilele cha Uhuru kisingetokeza juu ya maji. Mwanga wa jua haufiki huko kabisa, maji ni ya baridi kali, na shinikizo lake linazidi mara 600 lile la hewa ya ufukweni.

Je, wajua ni mnyama wa namna gani?
Ni amfipodi. Wanyama hawa wanafanana na kamba, ila mwili wao umebanwa ubavu kwa ubavu, na hawana lile gamba moja linalofunika kichwa na kifua cha kamba. Wana jozi saba za miguu ya kifuani, na jozi mbili za mbele hutumika kukamata chakula. Mama hubeba mayai katika mfuko ulio chini ya kifua chake, na watoto hutoka humo wakiwa tayari na umbo la wazazi wao. Zaidi ya spishi 10,000 za amfipodi zimeshapewa majina. *Eurythenes* ni miongoni mwa wala mizoga: samaki au nyangumi akifa na kuzama, wao hunusa na kufika upesi. Bila wao, mizoga ingekaa muda mrefu zaidi sakafuni mwa bahari.

Je, wajua hunaswa bila kamba wala waya?
Mitego yenye chambo cha samaki hufungwa kwenye chombo chenye uzito wa kukizamisha, kisha chombo huachiwa kizame chenyewe hadi chini. Wakati wa kukirudisha ukifika, meli hutuma ishara ya sauti, uzito huachiliwa, na chombo huelea hadi juu kikiwa na wanyama walionaswa. Sampuli za *Eurythenes plasticus* zilipatikana kwa njia hiyo mwaka 2014.

Je, wajua kumnasa mnyama mgeni hakutoshi?
Mtafiti lazima athibitishe kuwa mnyama huyo hajawahi kuelezwa na mtu mwingine. Hukaa kwenye hadubini, akamnyofoa miguu na sehemu za kinywa moja moja, akachora kila kiungo, kila mwiba na kila unywele. Kisha hulinganisha michoro hiyo na ya spishi za jirani. Kwa jamii ya *Eurythenes* kazi ni ngumu zaidi. Spishi *Eurythenes gryllus* ilielezwa mwaka 1822, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni mnyama mmoja aliyeenea katika bahari nyingi za dunia. Uchunguzi wa vinasaba ulipoanza, ilidhihirika kwamba chini ya jina hilo walifichwa wanyama kadhaa wanaofanana sana. Ndiyo maana timu ya Newcastle ilitegemea ushahidi wa aina mbili kwa pamoja, wa maumbile na wa vinasaba.

Je, wajua lazima abaki shahidi?
Mnyama mmoja huteuliwa kuwa kielelezo kikuu cha spishi nzima. Huhifadhiwa katika jumba la makumbusho, mara nyingi ndani ya spiriti, pamoja na kibandiko cha mahali, kina na tarehe aliponaswa. Miaka 100 baadaye, anayetilia shaka jina hilo ataenda kumkagua mnyama huyo huyo.

Je, wajua majina yana sheria?
Majina ya kisayansi ya wanyama huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, tangu toleo la kumi la kitabu cha Msweden Carl Linnaeus. Mnyama akipewa majina mawili, kwa kawaida lililotangulia ndilo linaloshinda. Hata hivyo mtafiti ana uhuru mkubwa wa kuchagua. Kupe wa samaki wa Karibi aliitwa *Gnathia marleyi* mwaka 2012 kwa heshima ya Bob Marley, na kamba mwenye gando la waridi kutoka Panama akaitwa *Synalpheus pinkfloydi* mwaka 2017.

Je, wajua kwa nini plastiki?
Ndani ya utumbo wa mmoja wa wanyama hao, aliyekuwa bado mchanga, palikutwa unyuzi wenye urefu wa milimita 0.649. Vipimo vilionyesha unafanana kwa asilimia 83.74 na PET, plastiki ya chupa za maji na soda, ambayo pia hufumwa kuwa nguo za polyesta. Haukuwa mkasa wa mnyama mmoja. Mwaka 2019, Jamieson na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa amfipodi 90 kutoka mifereji sita inayoizunguka Pasifiki: zaidi ya asilimia 72 walikuwa na vipande vya plastiki au nyuzi za viwandani tumboni. Kwa waliotoka Mariana, walikuwa wote.

Je, wajua spishi husubiri miaka mingapi?
Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba, kwa wastani, sampuli hukaa makumbusho miaka 21 kabla ya kuelezwa kuwa spishi mpya. *Eurythenes plasticus* alisubiri miaka sita tu, na hata hivyo taka zetu zilikuwa zimemfikia kabla ya jina. Wachoraji na wapambanuzi wa spishi ni wachache, na kazi yao inastahili fedha na vijana wa kuirithi, kwa sababu kiumbe asiye na jina ni vigumu kumhesabu au kumtetea kwa sheria.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania ikafuata mwaka 2019. Hatua hizo zilikuwa za haki, lakini chupa bado zinatupwa mitaroni, mtaro humwaga mtoni, na mto humwaga baharini. Msomaji, chupa yako ya leo iishie kwa wanaozikusanya, isiishie mtaroni.