Maneno ya Tanga Nyumbani Mwako

Msomaji mpendwa, huenda wewe u mtu wa bara, na bahari hujaiona hata siku moja. Hata hivyo naamini kwamba juma hili umesema maneno ya baharini mara tatu au nne. Uliposema mambo ya chama yanakwenda mrama, ulisema kama baharia, maana mrama ni kule kuyumba kwa chombo mawimbi yanapokipiga ubavuni. Ulipomwambia shemeji kwamba kesho asubuhi mnang'oa nanga, hapakuwa na nanga pale, ila baiskeli na mkungu wa ndizi. Na wazee wakituonya husema: ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini yanapokusanyika maji yanayovuja. Tembea utakavyo, mwisho utarudi ukashike kata uyateke.

Maneno haya hayakuletwa na meli za chuma. Yametoka katika majahazi, mashua, madau na ngalawa, vyombo ambavyo mpaka leo utaviona pwani yetu.

Ngalawa ndiyo ndogo yao. Fundi hulichonga gogo moja, mara nyingi la mwembe, akalikomba ndani mpaka likawa jepesi. Chombo chembamba hivyo kingepinduka mara moja, basi hufungiwa miti ya kukingama, na kwenye ncha zake mbao mbili za kando, ziitwazo marengu, zinazokishika juu ya maji kama mikono ya mtu anayepita juu ya gogo mtoni. Kisha mlingoti mfupi, foromali juu yake, na tanga la pembe tatu. Alfajiri wavuvi hutoka na umande, yaani upepo utokao nchi kavu. Mchana upepo wa baharini huwarudisha.

Huko Bagamoyo nilimkuta mzee mmoja ameketi mchangani anashona tanga lake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza, “Mzee, mbona hununui injini kama wenzako?” Akacheka. “Mwanangu, injini ikinywa petroli nami nisipate samaki, deni ni langu. Upepo nisipopata kitu haunidai.”

Lakini nisikudanganye, msomaji. Upepo haudai fedha, bali hudai mengine. Kusi ikivuma kwa nguvu ngalawa hulala pwani siku nyingi, na sufuria nyumbani nayo hulala. Tena wapo waliotoka na umande wasirudi. Simlaumu kijana anayetaka injini. Mama yake hulala usingizi zaidi.

Hata hivyo mwenye tanga hujifunza kusikiliza, na ndiyo sababu hadithi zake zina nguvu. Ukitaka kuona, fungua kitabu kilicho nyumbani mwako, Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mtume Paulo anapelekwa Roma akiwa mfungwa. Aliwaonya wasisafiri, maana majira yalikuwa mabaya. Jemadari akawasikiliza wenye chombo. Tufani ikawashika. Wakatupa shehena, wakatupa vyombo vya merikebu, siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Usiku wa 14, kati ya usiku, mabaharia wakahisi nchi iko karibu. Wakatupa bildi, wakapata pima 20. Mbele kidogo wakapata pima 15. Mvuvi wa pwani hahitaji kufafanuliwa hapo: kina kinapungua, mwamba u karibu. Wakatia nanga nne upande wa tezi wakaomba kuche. Mbona tezi, si omo? Kwa sababu upepo ulitoka nyuma. Wakitaka kupakucha wapande ufukoni, omo imekwisha elekea nchi. Kazi ni kukata kamba tu na kutweka tanga. Ndivyo walivyofanya. Merikebu ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika pwani ya Malta wazima, wengine wameshikilia mbao.

Mskoti mmoja, James Smith, aliyependa sana kusafiri kwa mashua ya tanga, alikaa Malta akaipima safari hiyo: pepo, masafa, vina vya maji. Mwaka 1848 akatoa kitabu kusema kwamba habari hizo zinapatana na bahari yenyewe. Mtakatifu Luka hakuwa baharia, lakini alisafiri nao, akasikia maneno yao, akayaandika.

Mwingine aliyeandika ni Joshua Slocum, nahodha wa Marekani. Meli kubwa za mvuke zilipomnyima kazi, alipewa mashua mbovu iliyooza shambani. Akaijenga upya kwa mikono yake, na toka 1895 hata 1898 akaizunguka dunia peke yake, wa kwanza kufanya hivyo. Kitabu chake kinasomwa mpaka leo.

Na sisi je? Manahodha wetu walisafiri kwa kaskazi na kwa kusi karne nyingi, na sehemu kubwa ya yale waliyojua imo vichwani mwa wazee. Kama babu yako aliendesha chombo baharini, au katika ziwa Nyanza au Tanganyika, mpe mtoto wako daftari na kalamu, amwendee jioni.

Yule mzee wa Bagamoyo anaye mjukuu mwenye boti ya injini. Ni kijana mwema, humletea babu samaki. “Juzi nilimwambia alegeze demani,” mzee alisema, “akatazama huku na huku, asijue ni kitu gani.” Akaivuta ile kamba ya tanga akanionyesha. Kisha akanitajia nyingine, na nyingine, nami nikaandika. Kurasa nne zilikuwa zimejaa maji yalipofika kwenye ngalawa, akakunja tanga akaniomba nimsaidie kusukuma.