Kilo Zinazopanda na Kushuka Mizanini

Mtu anayepunguza uzito kwa miezi mingi hukutana mara kwa mara na jambo linalomvunja moyo, nalo ni kwamba baada ya siku kadhaa za kula kwa kiasi na kutembea kila jioni, mizani ya asubuhi humwonyesha kilo 1 au 2 zaidi ya siku iliyotangulia. Wengi hukata tamaa hapo, wakiamini kuwa jitihada zao zimepotea bure, ilhali kinachoongezeka kwa usiku mmoja huwa hasa ni maji, pamoja na chakula ambacho bado kimo tumboni.

Hesabu yenyewe inathibitisha hilo. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700, yaani kipimo cha nishati itokanayo na chakula, na kwa kuwa watu wazima wengi hutumia kilokalori 2,000 hivi kwa siku, anayetaka kuongeza kilo moja na nusu ya mafuta kati ya Jumamosi na Jumapili ingembidi ale, juu ya mahitaji yake ya kawaida, chakula cha karibu siku 6. Hata sahani mbili za pilau ya harusini hazifikii kiwango hicho.

Pilau hiyo, hata hivyo, huacha alama yake mizanini. Wanga wa wali hugeuka sukari, na ziada yake huwekwa kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, akiba ambayo kwa mtu mzima hufika gramu 500 hivi, na kila gramu yake huandamana na gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana anayeacha wanga ghafla hushuka kilo 2 kwa siku chache akafurahi, kisha akila ugali na chapati siku mbili tu kilo zilezile humrudia, wala hakuna mafuta mengi yaliyotoka au kuingia mara zote mbili. Chumvi nayo huvuta maji, kwa sababu gramu 9 zake huhitaji lita nzima, yenye uzito wa kilo 1, ili majimaji ya mwili yabaki na ukolezi wake wa kawaida, mpaka figo zitakapoitoa ziada hiyo. Wanawake wengi huongezeka kabla ya hedhi, na misuli iliyoanza mazoezi mapya nayo huvimba kidogo.

Badiliko hili la kila siku lilichunguzwa zamani. Daktari Santorio Santorio wa Padua, Italia, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1614, alijipima kwa miaka mingi akiwa ameketi kwenye kiti kilichoning'inizwa katika mizani, akalinganisha uzito wa alivyokula na alivyotoa, akagundua kuwa sehemu kubwa ya uzito huondoka mwilini bila kuonekana.

Isieleweke, hata hivyo, kuwa kila ongezeko ni la kupuuzwa: anayeongezeka haraka huku miguu ikivimba au pumzi ikibana anapaswa kumwona daktari bila kuchelewa. Dawa za kukojoza, zinazonunuliwa na baadhi ya watu ili mizani ishuke, hazipunguzi mafuta hata kidogo na huweza kuvuruga chumvichumvi ambazo moyo unazitegemea.

Kwa asiye na dalili hizo, njia ya haki ni kujipima asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu wala si zulia, kisha kutafuta wastani wa wiki. Aliyepata 84.2, 83.9, 84.6, 85.3, 84.8, 84.1 na 83.8 kuanzia Jumatatu ana wastani wa kilo 84.4, na ikiwa wastani wa wiki iliyotangulia ulikuwa 84.9, basi amepungua nusu kilo katika wiki ileile ambayo Alhamisi yake ilikaribia kumkatisha tamaa.